Verckys alishika saksofoni, akashika na disiki



Leo tuongee juu ya Georges Kiamuangana Mateta, ule mupiga saksofoni ambaye inchi nzima inamujua kwa jina la Verckys. Alizaliwa Kisantu mwaka 1944, akajifunza muziki katika fanfari ya kanisa la Wakimbangu. Mwaka 1963 akaingia OK Jazz ya Franco. Kwa kijana wa miaka 19, wengi wangesema: basi, umefika.

Yeye hakuona vile. Franco alipokuwa Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo pamoja na wenzake wa okestra bila kumuomba ruhusa. Ugomvi ukatoka. Mwaka 1969 akaanzisha okestra yake, Vévé, na akawa na nyumba yake ya kutoa disiki, Éditions Vévé. Alijua jambo moja: mwenye kupuliza anapata makofi, lakini mwenye kushika disiki ndiye anapata feza. Alitaka vyote viwili.

Mulango ule ukafungukia vijana wengine: Bella Bella, Lipua Lipua, Trio Madjesi na Sosoliso yao. Tuseme kweli yote: Bella Bella hawakukaa kwake sana. Walimuacha, kama vile yeye alimuacha Franco. Kumbe hata aliyekuwa mufanyakazi anaweza kugeuka bwana mukubwa. Ndiyo maana makaratasi ni ya lazima, hata kati ya marafiki.

Na hakuogopa kuuliza. Mwaka 1972 alitoa Nakomitunaka, akauliza juu ya nini katika picha za kanisa malaika na watakatifu wote ni wazungu. Wakubwa wa kanisa walikasirika. Watu wakanunua disiki. Mwaka 1978 akafungua Vévé Center pale Kinshasa. Alikufa tarehe 13 Oktoba 2022, lakini nyimbo zingali zinapigwa.

Sasa turudi kwetu. Kamina tuko na vijana wenye kuimba vizuri, kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Uchaguzi ukikaribia wanaitwa, wanapewa tishati na bia, wimbo unazunguka muji muzima juu ya gari. Uchaguzi ukiisha, hakuna anayewajua tena. Wimbo ulitumika, mutunzi alibaki na tishati.

Inchi yetu iko na sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Wimbo ni mali yako tangu siku uliyoutunga. Basi, tuombe mambo matatu: tuandikiane mbele ya kuimba, majina ya watunzi wote yawekwe, bei na siku ya kulipa zijulikane. Asiyetaka kuandika, tusimuimbie.

Wewe mwenye kuimba, na wewe mwenye kumusikiliza, kazi ni yetu sote. Tusiuze sauti zetu kwa chupa moja.