Kifaranga mwenye mdomo uliopinda

(Mazungumzo kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji katika kikao cha wadi)

Mazungumzo ya leo ni kuhusu kifaranga mmoja tu katika kundi. Ni yule ambaye mdomo wake wa juu umeelekea upande mmoja na wa chini upande mwingine, kama mkasi usiofunga.

Mara nyingi huyu haonekani siku ya kuanguliwa. Anatoka kwenye yai akiwa sawa na wenzake, kisha baada ya siku chache au wiki kadhaa mwenye kuku anashangaa kuona mmoja amebaki mdogo. Anadona chakula pamoja na wengine, kichwa kinapanda na kushuka, na kwa macho ya mpita njia anakula. Ukweli ni kwamba punje zinamponyoka. Kifaranga wa namna hii hufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula, na mwenye kuku akadhani ni kideri.

Njia ya kujua ni rahisi. Jioni, kuku wakishaingia bandani, mfugaji amshike kifaranga na kupapasa mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Wa wenzake utakuwa umejaa kama kifuko cha mchanga, na wake utakuwa mtupu. Papasa pia mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama kisu, njaa imekaa siku nyingi. Lakini atazame vizuri: magamba na vidonda kuzunguka mdomo na macho huenda ni ndui ya kuku, na hiyo ni habari nyingine ya kupelekewa afisa wa mifugo.

Wapo wanaosema kifaranga wa hivi ni mkosi nyumbani. Mdomo haujui mkosi. Sababu moja kubwa ni damu: jogoo mmoja akikaa bomani miaka mingi akapanda mabinti zake na wajukuu zake, kasoro zilizojificha hutokea. Sababu nyingine ni lishe ya mtetea. Kuku anayeishi kwa mahindi matupu hukosa madini ya manganizi na vitamini ambazo kifaranga anazihitaji akiwa bado ndani ya yai. Joto lisilo sahihi kwenye mashine ya kutotoa vifaranga nalo huharibu, na wakati mwingine ni jeraha tu.

Sasa, huyu aliyepo alishwe vipi? Kwanza, asitupiwe chakula chini. Mdomo wake hauwezi kuokota, bali unaweza kuchota. Apewe chakula laini cha vifaranga kilicholoweshwa kwa maji hadi kiwe kama uji mzito, kwenye kopo lenye kina, lililoinuliwa hadi usawa wa mgongo wake. Maji nayo yawe na kina cha kuzamisha mdomo wote, ila chombo kiwe chembamba asije akatumbukia. Chakula kilicholoweshwa huchacha na kuota ukungu upesi kwenye joto, kwa hiyo kitengenezwe kidogo kidogo na mabaki yatolewe siku hiyo hiyo.

Pili, ale peke yake. Hapa ndipo wengi hukosea: wanatengeneza uji mzuri, kisha wanauweka katikati ya kundi, na kundi linaumaliza. Kikapu kilichofunikwa juu yake kwa nusu saa, asubuhi na jioni, kinatosha. Muda uliobaki akae na wenzake, kwa sababu kifaranga aliyetengwa moja kwa moja hupigwa akirudishwa.

Tatu, mdomo wenyewe. Mdomo wa kuku hukua maisha yake yote, na kuku mzima huupunguza kwa kudona na kuusugua. Wa huyu haukutani, hivyo ncha hurefuka. Ncha hiyo inaweza kusuguliwa kwa tupa ya kucha, kidogo sana kila mara. Ndani ya mdomo kuna mshipa wa damu na maumivu. Ukimulika kwa tochi unaona pale panapoanza weusi au wekundu, na hapo pasiguswe. Damu ikitoka, unga kidogo ubonyezwe juu mpaka ikatike. Kuufunga mdomo kwa uzi au gundi ili unyooke ni kumtesa bure.

Halafu kuna jambo linalosahaulika: kuku huyu hawezi kujisafisha manyoya. Chawa na utitiri humjaa kuliko wengine, basi akaguliwe chini ya mbawa kila wiki. Chanjo ya kideri apewe pamoja na kundi.

Akikua, mayai yake na nyama yake vinalika bila wasiwasi, kwa kuwa kasoro hii si ugonjwa. Ila asitotoleshwe, na akiwa jogoo asiachwe apande. Wakitokea vifaranga wawili au watatu wa aina hii kwa jogoo mmoja, jogoo huyo auzwe kwa nyama, na mbadala wake atafutwe kijiji cha mbali.

Na yule ambaye mdomo umepinda kupita kiasi, aliyelishwa kwa uangalifu wiki mbili na bado kidari ni kisu? Watoto watalia, maana huyo ndiye wamempa jina. Hata hivyo, kumchinja haraka ni huruma kuliko kumwacha akonde mpaka mwisho.

Maswali yaanze kwa akina mama walio nyuma.