Chora Kwanza, Kata Baadaye

Leo nataka kusema nanyi habari ya kuchora kazi ya mikono kabla ya kuianza. Nitatwaa mfano wa kitu kifaacho sana huku kwetu Mwaya, nacho ni kichanja cha kuwekea magunia ya mpunga nyumbani.

Sababu ya kukitaka twaijua sote. Mito ya Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka yashuka kutoka milimani mpaka bonde la Kyela, na mvua ya masika ikizidi, maji hutapakaa hata kuingia majumbani. Mpunga uliolowa huota au huoza, na kazi ya mwaka mzima hupotea kwa usiku mmoja.

Basi mtu husema, “Maji hufika futi 2, nikikata nguzo za futi 3 zitatosha.” Hukata, huchimba mashimo ya futi 2, husimamisha nguzo zake, kumbe imebaki futi 1 tu juu ya ardhi! Mti ukiisha kukatwa haurefuki tena. Lakini kosa hilo lingalikuwa juu ya karatasi, lingalifutwa kwa mpira.

Twaa ukurasa wa daftari, kalamu ya risasi na rula. Inchi 1 ya karatasi iwe badala ya futi 1 ya kazi yenyewe. Piga mstari wa kulala: huo ndio ardhi. Inchi 2 juu yake piga mstari wa pili: huo ndio maji. Usibahatishe kipimo hiki. Waulize wazee maji yalifika wapi nyumbani mwenu mwaka wa mafuriko makubwa. Kisha chora nguzo, ipite mstari wa maji kwa inchi 1, tena ishuke chini ya ardhi inchi 2. Ipime sasa: ni inchi 5. Basi nguzo yako ni ya futi 5, wala si 3.

Picha ya pili uichore kama ndege aonavyo kutoka juu: urefu inchi 6, upana inchi 4, na nguzo 3 kila upande.

Mwisho andika hesabu. Nguzo 6 za futi 5 ni futi 30, yaani miti 3 ya futi 10, kila mmoja ukatwe katikati. Miti 3 ya futi 4 italazwa juu ya nguzo, ikivuka toka upande huu hata huu. Juu yake hupangwa mianzi ya futi 6; ikiwa kila mwanzi una unene wa inchi 3, mianzi 16 yatosha. Hivyo wajua gharama yako kabla hujatoa hata senti moja.

Wala msidhani ya kuwa kuchora ni mchezo wa watoto wa shule. Meli Chauncy Maples, iliyosafiri miaka mingi katika ziwa letu la Nyasa, ilitengenezwa Glasgow, Skotlandi, mwaka 1899. Ililetwa vipande 3,481, ikaunganishwa kando ya ziwa, ikashushwa majini mwaka 1901. Pasipo michoro, nani angalijua kila kipande chaingia wapi?

Basi usiku huu, kabla ya kunoa shoka, noeni kalamu. Kwaherini.