Kuonana si Kazi, Kazi ni Kuzoeana

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kuhusu jamaa waliotengana miaka mingi

Nashukuru kuwaona wengi hivi hata kama mvua imewanyeshea njiani. Najua wengine mmeacha ng'ombe hawajakamuliwa, kwa hiyo sitawachelewesha.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya jamaa wanaokutana tena baada ya miaka mingi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba hapa kwenu kuna nyumba tatu ambazo mtu amerudi kutoka mbali, na katika zote tatu furaha ilikwisha kabla ya mwezi. Nikamwambia, hilo nalijua. Nililiona kwanza Kakuma.

Kakuma ni kambi ya wakimbizi kule Turkana. Nilifanya kazi huko nikiwa bado msichana, cheti changu cha diploma hakijakauka wino. Nilidhani kazi yangu ni kuwakutanisha watu, halafu basi. Mama mmoja na mwanawe ndio walionifundisha kwamba siyo hivyo. Majina yao nitayaacha.

Wengi wenu mmesikia habari za wavulana wa Sudan. Kuanzia mwaka 1987 vita vilipochoma vijiji vya kusini, maelfu ya watoto walikimbia kwa miguu mpaka Ethiopia. Wengi walikuwa machungani na ng'ombe, kwa hiyo wakakimbia bila mama, bila baba. Mwezi wa tano mwaka 1991 serikali ya Ethiopia ilianguka, nao wakafukuzwa. Walivuka mto Gilo huku wakipigwa risasi, na wengi walizama. Waliosalia walianza kufika Kakuma mwaka 1992. Mwaka 2000 na 2001 zaidi ya 3,000 kati yao walichukuliwa kwenda kuishi Marekani.

Huyu kijana alikuwa mmoja wao. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kama saba, akaishi Kakuma miaka tisa, akapanda ndege mwaka 2001. Mama yake alikuwa amekimbilia upande mwingine, kaskazini, akaishi katika vibanda nje ya Khartoum. Mwishowe akashuka kusini, akavuka mpaka, akafika Kakuma mwaka 2003. Hebu fikirini! Mama alikuwa akichota maji kwenye bomba lile lile alilochotea mwanawe, na hajui. Walipishana kwa miaka miwili.

Walipatikana kupitia wazee wa kabila lao na watu wa Msalaba Mwekundu. Simu ya kwanza walilia tu, hakuna aliyesema neno. Mwaka 2008 kijana akapata likizo na nauli, akaja.

Siku ile kambi ilitetemeka kwa vigelegele. Mama alimnyunyizia mwanawe maji kichwani, ndiyo baraka ya Wadinka. Kisha akainama, akapandisha suruali yake mbele ya watu wote, akatafuta kovu la jembe gotini. Lilikuwapo. Nami nililia. Nikarudi nyumbani nikaandika kwenye ripoti: jambo limekamilika.

Siku ya nne mama aliacha kula.

Nilipokwenda kuuliza, nilikuta mambo madogo madogo yamerundikana. Kijana alimletea mama yake rinda zuri, lakini lilikuwa kubwa mno. Alimnunulia yule mama mnene mwenye nguvu aliyemkumbuka, na aliyemkuta alikuwa kizee mwembamba. Mama naye alitafuta maziwa ya mgando kwa shida, kwa sababu mtoto wake aliyapenda. Kijana akanywa, tumbo likamsumbua usiku kucha. Mnaona? Kila mmoja alikuwa akimkaribisha mtu ambaye hayupo tena.

Kisha kijana akaenda kulala kwenye loji mjini kwa sababu ya mbu. Mama akaona amekataliwa. Wajomba nao walikuja kila asubuhi na orodha: karo, mahari, dawa, nauli. Kijana alikuwa akifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha kukata nyama, na nusu ya nauli yake ilikuwa ya mkopo. Lakini nani angemwamini? Ametoka Marekani!

Lakini hayo yote hayakuwa ndiyo jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilitoka jioni moja tulipokuwa wanne tu: wao wawili, mkalimani na mimi. Maana kijana alikuwa anajua Kidinka, lakini maneno mazito yalimponyoka, akayasema kwa Kiswahili cha Kakuma. Aliuliza: "Mama, mbona hukunitafuta?"

Mama akanyamaza sana. Halafu akasema: "Niliambiwa ulizama mtoni. Tulikulilia matanga. Mwanangu, mimi nilikuwa nimekuzika." Alikuwa akiona haya miaka yote, kwamba alimzika mtu aliye hai.

Kijana akainamisha kichwa. Akasema: "Nami nilipojaza fomu za kwenda Marekani, niliandika kwamba wazazi wangu wamekufa." Hakudanganya. Ndivyo alivyoambiwa na watu waliopita kijijini. Naye alikuwa akiona haya.

Kumbe hasira ya siku nne ilikuwa aibu! Kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba alimtupa, na kila mmoja aliogopa kuulizwa swali lile lile. Usiku ule kijana hakwenda loji. Alilala kwenye mkeka nje ya mlango wa mama yake, na mbu wakamla.

Sasa nitawaambia la makaratasi, kwa sababu nalo huvunja nyumba. Kijana alikuwa amekwisha kuwa raia wa Marekani, na sheria ya huko inamruhusu raia mwenye miaka 21 au zaidi kumwombea mzazi wake ahamie. Lakini faili lilisema mama amekufa. Ikabidi wapimwe DNA, kile kipimo cha kupangusa ndani ya shavu kinachoonyesha kama watu ni wa damu moja. Kipimo kikawakubali.

Lakini mama alikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu ananyonya. Yule mtoto hakujua mama mwingine. Ombi la mzazi ni la mzazi peke yake. Msichana asingeweza kuandamana naye.

Kijana alimwambia: "Mama, njoo kwanza, huyu tutamshughulikia baadaye." Mama akajibu: "Mtoto mmoja alinipotea njiani. Wa pili sitamwacha kwa miguu yangu mwenyewe."

Kijana alikasirika. Alikuwa ametumia pesa nyingi, tena alikuwa amekwisha kumtayarishia mama chumba. Alirudi Marekani bila kuaga vizuri. Mimi nilifikiri tumewapoteza tena. Lakini baada ya miezi miwili alipiga simu, akaomba kuongea na yule msichana. Akamwita dada. Toka siku ile karo ya msichana ilitoka Marekani, na mama alibaki Kakuma mpaka alipomaliza shule. Kila Jumapili walipigiana simu. Hawakuishi chini ya paa moja, lakini hawakupoteana tena. Mimi naita hiyo jamaa iliyokutana.

Mwaka huo huo wa 2008 Wamarekani walianza kupima DNA hapa Nairobi kwa jamaa za wakimbizi waliotaka kuwafuata watu wao. Nyumba nyingi hazikuthibitika, wengine walikataa kupimwa, na mpango ule ukafungwa mpaka mwaka 2012. Kuna waliokuwa wamedanganya kweli, hata kuuza nafasi. Lakini wako pia waliosema "huyu ni mwanangu" kama sisi tunavyosema juu ya mtoto wa ndugu aliyefariki. Kwetu huo si uongo. Mbele ya ofisi ni uongo, na adhabu yake ni kutengana miaka mingine.

Mtaniambia, "Hayo ni ya Wasudani, sisi hatukukimbia vita." Ni kweli. Lakini hapa ni nyumba gani haina mtu aliye mbali? Mabinti zetu wako Saudia na Qatar wanafanya kazi za nyumbani, na watoto wao wako kwa nyanya. Kuna waliokwenda Uingereza au Marekani wakakaa miaka bila makaratasi, wasiweze kuja hata kuzika wazazi. Anaporudi, methali yetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa huyu tumpe jembe lini? Si mgeni, na mwenyeji bado hajawa.

Kwa hiyo naomba kikundi kisaidie katika mambo haya.

Kwanza, ukweli umtangulie. Kama baba alifariki, kama shamba liliuzwa, kama pesa alizotuma za kujenga hazikujenga, aambiwe kabla ya kupanda ndege. Achaguliwe mtu mmoja mwenye hekima amwambie. Akiyakuta getini, atadhani kila kicheko cha mapokezi kilikuwa cha kumficha.

Pili, orodha za shida zikae mfukoni. Kikundi kiwaambie jamaa: mwezi wa kwanza hakuna kuombwa karo, hakuna harambee, hakuna deni la mzunguko. Aliyerudi kutoka Saudia anaweza kuwa amerudi na sanduku moja na mgongo unaouma. Aulizwe amelalaje kabla ya kuulizwa ameleta nini.

Tatu, mtoto asinyang'anywe nyanya yake. Mama amekuwa mbali miaka sita, anarudi leo anasema, "Njoo kwa mama." Mtoto anakimbilia nyuma ya nyanya. Hapo mama huumia na kusema nyanya amemgeuza mtoto. Hapana! Mtoto amempenda aliyemlisha. Wakae wote watatu pamoja kwanza. Mama aanze kwa kazi ndogo: kumwosha, kumpeleka shuleni, kumpikia. Jina la mama atalirudishiwa polepole.

Nne, makaratasi. Mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita baada ya kuzaliwa. Aliyechelewa bado anaweza kuandikishwa, msikate tamaa. Unayelea mtoto wa marehemu, nenda kwa afisa wa watoto uulize njia ya kutambuliwa kisheria, na usiandike kwamba ulimzaa. Na sheria za nchi za nje hubadilika. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na jamaa waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo wakabaki nayo. Kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kuuza ng'ombe. Mtu akitaka pesa ili aweke jina lako kwa wakimbizi, huyo ni mwizi. Huduma za UNHCR hazilipiwi.

Tano, aliyepotea atafutwe. Nendeni tawi la Msalaba Mwekundu mlio karibu nalo. Hakuna malipo. Mtaulizwa majina yake yote, ya baba na mama yake, mahali alipozaliwa, na lini na wapi alionekana mara ya mwisho. Barua yao haifungwi kwa gundi. Ni ya habari za jamaa tu, mambo ya siasa na vita hayaruhusiwi.

Wapendwa, nimalizie. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nami nasema kuonana si kazi, kazi ni kuzoeana. Siku ya uwanja wa ndege mtu yeyote anaweza kupiga vigelegele. Siku ya nne, mama anapoacha kula, hapo ndipo jirani anapohitajika. Pita na kikombe cha unga, keti, uliza. Pengine kuna swali moja ambalo wote wanaliogopa, na linangoja mtu wa tatu awepo ndipo liulizwe.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani wako mbali kwa zaidi ya miaka mitano? Ni nani anayepata habari zao?

2. Yule mama alikataa kwenda kwa sababu ya mtoto wa dada yake. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Kwa nini?

3. Je, kuna jambo tunalomficha mtu wetu aliye nje? Nani anafaa kumwambia, na lini?

4. Kikundi chetu kitafanya nini mwezi wa kwanza mtu anaporudi? Andikeni kazi, na jina la atakayeifanya.