Umoja Hujengwa na Wanaothubutu Kutubu

 

Wahitimu, muda si mrefu mtapangiwa sharika. Huko mtaishi na Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu. Kabla hamjaondoka, nawakumbusha tulikotoka sisi Walutheri.

Katika karne ya 16 watu waliokataa ubatizo wa watoto walifungwa, walifukuzwa na kuuawa, na baadhi ya wanateolojia wetu waliandika kuhalalisha mateso hayo. Mwezi Julai 2010, huko Stuttgart, Ujerumani, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite, warithi wa imani ya watu hao. Wajumbe wengine walipiga magoti, wengine walisimama. Aliyepokea toba ile kwa niaba ya Wamennonite duniani alikuwa Mwafrika, Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe. Wamennonite nao wakawakabidhi Walutheri beseni la mbao la kutawadhia miguu. Waliokosewa ndio waliotoa zawadi ya utumishi!

Na Wakatoliki je? Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, tulitia saini pamoja nao tamko kuhusu kuhesabiwa haki kwa neema, jambo lililotugawa tangu siku za Luther. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Mwaka 2016, katika kanisa kuu la Lund, Uswidi, Papa Fransisko na Askofu Munib Younan, Mpalestina aliyekuwa Rais wa Fungamano, waliongoza ibada pamoja. Hata hivyo, bado hatujashiriki meza moja ya Bwana. Kazi hiyo haijakwisha, na sasa ni yenu pia.

Kwa Waislamu, mlango wetu mkubwa umekuwa huduma. Katika kambi za Dadaab, Kenya, Fungamano limewahudumia wakimbizi wa Kisomali, wengi wao Waislamu. Mwaka 2014 lilitiliana saini makubaliano ya kushirikiana na shirika la Islamic Relief. Hakuna aliyeacha dini yake ili mwenye njaa apate chakula.

Msidanganyike kwamba anayependa umoja ana imani legelege. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Mlutheri wa uamsho, aliyesimama wazi kwa imani yake, na mwaka 1977 mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua kuwa Rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano hilo. Mwenye mizizi haogopi jirani.

Basi, mkifika vituoni, nendeni mkamwamkie padri, mchungaji mwenzenu na sheikh wa mtaa. Msisubiri msiba au ugomvi uwakutanishe. Mkikosea, tubuni, mkikosewa, sameheni. Kamwe msihubiri chuki madhabahuni pa Bwana.