Intaneti na Kikao cha Ukoo: Utabiri wa Jana na wa Kesho



1. Utangulizi

Mwaka 1997 Frances Cairncross, mwandishi wa habari wa Uingereza, alichapisha kitabu kilichotangaza kifo cha umbali, yaani kwamba umbali hautazuia tena mawasiliano. Mwaka uliofuata Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walieleza kuwa wakazi wa Pittsburgh waliozidi kutumia intaneti walipunguza mazungumzo na jamaa zao nyumbani. Walipowafuatilia tena watu hao, sehemu kubwa ya madhara ilikuwa imefifia, na hayo nayo wakayachapisha mwaka 2002. Kwa hiyo hofu ya familia kusambaratika siyo hoja yangu. Ninalolitazama ni mamlaka: nani ataitisha kikao cha ukoo, na nani atakuwa na la mwisho?

2. Hali ilivyo

Kebo ya intaneti ya SEACOM ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilikwisha kuanza Kenya (2007) na Tanzania (2008). Simu moja ikabeba habari na pesa pamoja. Tazameni kundi la WhatsApp la harusi. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Aliyeahidi laki moja akatoa elfu ishirini anasomwa na shemeji aliye Muscat na mjomba aliye Mwanza. Zamani angesema kadi ya mchango haikumfikia. Leo tiki za bluu zinamuumbua.

3. Utabiri

Kwanza, jamaa wa mbali watazidi kuwa na kauli, kwa sababu mchango wao unaingia papo hapo na maoni yao yanaingia nao.

Pili, mzee mwenye kitochi atapewa taarifa ya jambo lililokwisha kupitishwa. Kijana anayeingiza na kutoa watu kundini atakuwa na nguvu ambayo ukoo haukumpa.

Tatu, ugomvi uliokuwa ukimalizwa chumbani kwa shangazi utabaki kwenye maandishi. Watu watapatana, lakini matusi yatakuwa yamehifadhiwa kwenye simu arobaini.

4. Mapendekezo

(a) Mahari, urithi na malezi ya yatima viamuliwe kikaoni, na walio mbali waunganishwe kwa simu. Kundi libaki la taarifa na michango.

(b) Madeni ya ahadi yabaki kwenye daftari la mweka hazina. Anayedaiwa akumbushwe faraghani.

(c) Mzee asiye na simu janja apigiwe kabla ya tangazo, si baada yake.

5. Hitimisho

Kampuni za simu hazitatutungia taratibu za ukoo. Tukikaa kimya, zitatungwa na mwenye bando. Nawaomba kila mmoja wenu aliweke jambo hili mezani katika kikao cha kwanza cha ukoo wake.