Bei ya Karafuu na Umri wa Mti

Jioni hii twataka kunena habari ya bei ya karafuu, kwa maana wakulima wengi wa Unguja na Pemba huuliza: Je, yafaa kupanda mikarafuu, au tuikate tupande mihogo?

Kwanza yatupasa kuutazama mti wenyewe. Mhogo hupandwa na kuvunwa kwa muda mfupi. Mkarafuu sivyo. Hupita miaka sita au zaidi ndipo uanze kuzaa, tena hauzai sawasawa. Mwaka huu matawi huinama kwa uzito, mwaka ujao mchumaji hurudi na pakacha tupu. Basi apandaye kwa bei ya leo atauza kwa bei nyingine kabisa.

Jambo hili lilidhihirika kwa watu wa Indonesia, ambao huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao ziitwazo kretek. Kwa miaka mingi walinunua karafuu za visiwa hivi kwa wingi. Lakini katika miaka ya 1970, ughali ulipozidi, walipanda mikarafuu mingi kwao. Miche ile haikupunguza bei siku ile. Ilipozaa ndipo wakaacha kununua kama zamani, na tani moja iliyopata karibu dola 9,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikufika dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990. Mkulima wa Pemba hakukosa lolote. Wako walioikata miti yao ikawa kuni, wala hatuwezi kuwalaumu, maana watoto hawali matumaini. Kisha mwaka 2011 serikali ya Zanzibar ikapandisha sana bei ya mkulima, naye aliyekata hakuwa na cha kuchuma.

Kwa hiyo twashauri mtu asilipime shamba lake kwa msimu mmoja. Mti ukifa, na atie mche mahali pake, na katikati apande migomba na chakula kingine.

Tena aangalie sana kuanika. Karafuu zichumwe kabla maua hayajafunguka, zichambuliwe makonyo siku ileile, zitandazwe juani. Zikilala mbichi chunguni huchacha, zikasinyaa, na mnunuzi huzishusha daraja. Mvua ikitanda, majamvi yakunjwe upesi, lakini zikiisha kuingizwa ndani zitandazwe tena, zisirundikwe.