Fimbo ya Kuchungia si Mkongojo

Msikilizaji, kule Hirbadaw, kama kwingine Hanang na Mbulu, fimbo haikosekani mkononi mwa mzee. Ni ya ng'ombe, ni ya heshima. Lakini goti likiishiwa nguvu, au baada ya kiharusi, fimbo hiyohiyo yaweza kumwangusha, maana hakuna aliyeipima.

Mkongojo hupimwa hivi: mzee asimame wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono. Mkongojo mrefu humpandisha bega, mfupi humwinamisha. Aushike upande wa mguu mzima. Wengi hufanya kinyume, na ninawaelewa: mtu hukimbilia kuegemea panapouma. Ila mkongojo ukitangulia pamoja na mguu mbovu, ndipo uzito hugawanyika.

Kwa magongo ya kwapani, uzito ubebwe na viganja. Kwapa likielemewa, mishipa ya fahamu huumia, mkono ukafa ganzi.

Ncha ivishwe mpira, nao ukilika ubadilishwe, kwani tope la masika halina huruma. Anayeweza kufika Hospitali ya Haydom, inayohudumia watu tangu 1955, akapimwe na mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kununua chochote.